Shati la Boga

Tangu azaliwe Boga alikuwa hajaonja kileo, na asubuhi ile alikuwa ananuka tembo la mnazi kutoka kola mpaka viatu.

Kosa lilikuwa la bibi yake, Mbodze, tena kosa la mapenzi. Uhuru ulikuwa umetimiza mwaka wa pili, na tajiri mmoja wa Msambweni alikuwa amemkabidhi Boga lori la kubebea mbata, zile nazi kavu. Lori jipya halitoki kijijini hivi hivi. Bibi aliyamwagia magurudumu mnazi, akawataja wazee waliotangulia mmoja mmoja, kisha akajaza kinywa na kumpulizia mjukuu wake kifuani, pyuu! "Nenda salama, mwanangu." Nani angemkatalia? Boga akapanda, akashika njia.

Alipofika Waa, akasimamishwa na koplo mmoja mgeni, mtu wa bara. Koplo alinusa, akatabasamu, akachora mstari wa chaki barabarani.

"Tembea juu yake."

Hapo ndipo Boga alipopatikana. Kabla ya udereva alikuwa mgema, na siku moja huko Gazi alianguka kutoka juu ya mti, mfupa wa mguu wa kushoto ukaunga vibaya. Ndiyo maana aliupenda usukani: mtu aliyeketi garini hachechemei. Alitembea, akatoka nje ya mstari, akashitakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa.

Hakuona usingizi wiki nzima. Leseni ikienda, angerudi wapi? Kupanda miti hakuwezi tena.

Katika mahakama ya Kwale koplo alieleza vizuri sana, harufu kwanza, mstari baadaye. Hakimu akamgeukia mshitakiwa.

"Una haki ya kumwuliza shahidi maswali. Una haki pia ya kunyamaza."

Boga alitamani kunyamaza. Nusu ya Msambweni ilikuwa kwenye mabenchi, na mguu ule alikuwa ameuficha miaka minne. Lakini leseni ilikuwa mezani kwa hakimu, anaiona.

"Afande, ulinusa kinywa changu au shati langu?"

"Shati."

"Ulimwita daktari anipime?"

"Hapana."

"Basi nakuomba uchore mstari ule ule hapa."

Chaki ikaletwa. Boga akatembea, akatoka nje ya mstari vilevile, na watu wakaangua kicheko. Akapandisha suruali mpaka gotini. Kicheko kikakatika.

"Koplo," hakimu akauliza, "mtu huyu amelewa?"

Koplo aliutazama ule mguu uliopinda. "Hapana, mheshimiwa."

Boga alitoka na leseni mfukoni, akichechemea mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza hakuharakisha.

Bibi Mbodze alikuwa anamngoja kando ya lori, kata ya mnazi mkononi.

"Shikamoo, Bibi!"

Bibi hakuitika. Kinywa kilikuwa kimejaa.

Koplo naye alikuwa anakuja nyuma, mkono mbele, kuomba radhi. Boga, aliyemjua bibi yake, akasogea kando. Pyuu! Baraka yote ikaishia kwenye sare ya serikali.

"Nawe uende salama, mwanangu," Bibi akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Boga akamfungulia koplo mlango wa lori.

"Panda, afande, nikufikishe kituoni. Na wakikuuliza, kumbuka una haki ya kunyamaza."