Rimu ya Mbele Kushoto

Mwaka 1994, magari ya mitumba kutoka Japani yalipokuwa yakizidi kuonekana Mwanza, Luhende alikuwa fundi pekee upande wa Mkolani aliyeweza kuirudishia rimu ya sport sura yake. Wengine walizipaka rangi tu kama mtu anayepaka geti. Yeye alivua tairi kwanza, akaosha rimu kwa petroli, akaisugua kwa msasa na maji, akaziba mikwaruzo kwa puti, ndipo akapuliza rangi ya fedha na mwishowe vanishi ya kuikinga na tope na kutu nyeupe. Kazi hiyo aliisomea miaka minne katika gereji moja ya Kisumu.

Rimu hizo ni za aluminiamu. Chuma kikipinda, unakigonga kinarudi. Aluminiamu ukiigonga ikiwa baridi inapasuka. Ni lazima uipashe moto, na kwa kuwa haigeuki nyekundu kama chuma, unaichora kwa kipande cha sabuni. Mchoro ukiwa kahawia, moto umetosha. Luhende aliyajua hayo yote. Ndiyo maana hakuweza kamwe kujitetea kwamba alilolifanya Ijumaa ile alilifanya kwa kutojua.

Gari lilikuwa Mark II nyeupe ya mzee Jairo Ojwang, mtu wa Mara aliyenunua sangara kwa wavuvi na kuwauzia wenye viwanda vya minofu. Gari hilo lilishuka kila siku hadi mialoni, mitumbwi inapoteremsha samaki, likakanyaga mchanga na maji, na rimu zake zote nne zilikuwa zimechubuka na kuota madoa meupe. Ya mbele kushoto ilikuwa imepinda ukingoni baada ya kuingia shimoni. Mzee Jairo alilileta gari mwenyewe siku ya Jumatano.

"Nimeambiwa wewe huna mwenzako," alisema. "Jumamosi nakwenda Sengerema. Nataka wavuvi wangu wajione kwenye hizi rimu."

"Utazichukua Jumamosi asubuhi, mzee," Luhende alimjibu. "Hata Nairobi hutapata kazi kama hii."

Ijumaa mchana rimu tatu zilikuwa tayari zimeegemezwa ukutani, zinang'aa. Ikabaki ile iliyopinda. Luhende aliwasha mtungi wa gesi, ukatoa mwali mdogo, ukazimika. Gesi ilikuwa imekwisha. Mtungi mwingine ungepatikana mjini Jumatatu.

Angeweza kutuma habari kwa mzee Jairo kwamba kazi itachelewa siku mbili. Alilifikiria hilo. Kisha akakumbuka alivyotamba, akachukua kipande cha mti, akakilaza juu ya ukingo, akagonga kwa nyundo. Ukingo ukaanza kurudi. Akagonga tena, na tena, na pigo la nne akasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika.

Ufa ulikuwa upande wa ndani, pale tairi linapokaa. Urefu wake haukuzidi pingili ya kidole. Luhende aliutazama muda mrefu. Halafu akachanganya puti, akauziba, akausugua ukawa laini, akapuliza rangi. Ilipokauka hata yeye alipata shida kuuona. Akaweka tairi, akajaza upepo, akasubiri. Upepo haukutoka. Akajiambia kwamba kama ungekuwa ufa wa hatari, upepo ungetoka.

Asubuhi dereva wa mzee Jairo ndiye aliyekuja kulichukua gari. Aliitwa Revocatus, mtu mtaratibu wa miaka arobaini na kitu, mkazi wa Buswelu. Hakushangilia mng'aro kama waliokuwa wakipita barabarani. Alichuchumaa mbele ya kila gurudumu akalitazama, huku Luhende akimweleza namna ya kuzitunza: asizioshe kwa sabuni ya unga, asizimwagie maji zikiwa na moto, vumbi jeusi la breki alifute kila siku kwa kitambaa chenye maji, na kila mwezi azipake nta.

"Na hii iliyokuwa imepinda," Revocatus aliuliza, "kwa ndani umeiangalia? Maana tunakwenda mbali, na mzee hapendi mwendo wa pole."

"Nimeiangalia, kaka," Luhende alisema. "Haina neno."

Revocatus alimshukuru, akaondoka.

Wiki ya kwanza ikapita. Kila gari jeupe lililokatiza Mkolani Luhende aliliangalia gurudumu la mbele kushoto. Wiki ya pili ikaingia, akaanza kupumua. Jumanne ya wiki ya tatu mzee Jairo alifika kwa pikapu ya kukodi, kichwa kimefungwa bandeji, na nyuma ya pikapu kulikuwa na rimu zote nne.

"Dereva amenimaliza," alisema kabla hata ya kushuka. "Alikuwa anakimbilia kivuko cha Busisi. Tulipopita Usagara lazima aliingia shimoni, gurudumu likaachia, tukaingia shambani, tukagonga jiwe. Mimi nimeshonwa hapa kichwani. Yeye amevunjika mkono wa kulia, na nimemfukuza. Mtu anayeua gari langu kwa mbio hawezi kukaa kwangu."

Luhende alimpa pole. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Lakini wewe fundi ni fundi," mzee Jairo aliendelea. "Moja tu ndiyo imevunjika. Kazi ya mtu mwingine zingekwisha zote. Hizi tatu nisafishie tena, ya nne nitaagiza. Hiyo mbovu itupe."

Alipoondoka, Luhende aliichukua rimu iliyovunjika akaigeuza kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa nyeupe inayometameta, aluminiamu mpya iliyokatika siku ya ajali. Mwanzoni mwake, urefu wa pingili ya kidole, kulikuwa na kijivu cha puti. Mtoto angeweza kuona mahali ilipoanzia. Mzee Jairo hakuona kwa sababu hakujua cha kutafuta.

Hakuitupa. Aliifunga kwenye gunia la pamba akaiweka uvunguni mwa kitanda. Zile tatu alizifanyia kazi siku nne, kazi ambayo kwa kawaida ingemchukua siku moja na nusu. Kila aliposhika msasa, maneno ya sifa ya mzee Jairo yalimrudia, na yalimchoma kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Siku ya tano alipanda baiskeli akaenda Buswelu. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kusema. Alimkuta Revocatus amekaa kibarazani, mkono umefungwa plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, anajaribu kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Gladness, alimletea mgeni kigoda.

"Umefanya vizuri kuja, fundi," Revocatus alisema. "Wenzangu wa kwenye magari hawajaja hata mmoja. Wanasema nililewa."

"Wewe hunywi," alisema Gladness.

"Najua sinywi." Akaweka kisu chini. "Lakini kuna jambo halinitoki kichwani. Nimeendesha miaka kumi na minne. Mzee anasema niliingia kwenye shimo kwa kasi. Mimi hilo shimo silikumbuki. Nalala, nalitafuta. Natoka Mwanza kichwani mwangu, napita Nyashishi, napita Usagara, naangalia barabara yote, shimo silioni. Sasa naanza kusema labda nilisinzia. Labda macho yangu yamekwisha. Kama macho yamekwisha, hata mkono ukipona sitashika tena gari la mtu."

Luhende alifungua mdomo. Gladness alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama kwa shukrani kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyekuja. Luhende akasema, "Utapona, kaka," akaaga.

Jioni hiyo hakula. Mkewe, Kashindye, alimwondolea sahani, kisha akarudi na lile gunia akaliweka mbele yake.

"Nimelikuta nikifagia," alisema. "Baba Winnie, hiki ni kitu gani ambacho hakiwezi kukaa karakana?"

Akamweleza. Alimweleza habari ya gesi, ya nyundo, na ya swali la Revocatus. Kashindye alisikiliza hadi mwisho.

"Mkono ulivunjika kwa ufa," alisema. "Hilo tayari, huwezi kulirudisha. Lakini yule mtu kulala akijiona kipofu, hilo unamfanyia wewe leo. Na kesho utamfanyia tena."

"Nikisema, nani ataniletea kazi?"

"Sijui," Kashindye alisema. "Mimi sikusema wataleta."

Asubuhi alilifunga gunia nyuma ya baiskeli akarudi Buswelu. Safari hii hakukaa kwenye kigoda. Alilifungua gunia, akaweka rimu miguuni pa Revocatus, akamwonyesha kwa kidole: hapa pamekatika siku ya ajali, hapa palikuwa pamekatika kabla, na hii ni puti, niliiweka kwa mkono wangu.

"Hapakuwa na shimo, kaka. Hukusinzia. Macho yako ni mazima."

Revocatus aliinama, akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya kile kijivu. Alikipitisha mara nyingi.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye.

"Uliniuliza."

"Ukasema umeiangalia."

"Niliiangalia. Nilikudanganya."

Gladness alikuwa amekuja nyuma ya mumewe. Alitazama rimu, akamtazama Luhende, akaingia ndani. Sauti ya sufuria zikipangwa kwa nguvu ilisikika kwa muda. Revocatus hakupandisha sauti. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa bado kwenye rimu.

"Basi sikusinzia," alisema, kama anajiambia mwenyewe.

Luhende alimwomba waende pamoja kwa mzee Jairo. Revocatus alikataa. "Nenda mwenyewe. Mimi huko nilishatukanwa, sina cha kusema."

Mzee Jairo alikuwa Kirumba, mwaloni, amesimama kando ya mizani huku sangara wakipakiwa kwenye barafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Rimu zangu zimekwisha?"

"Zimekwisha. Lakini nimekuja na hii."

Akaeleza mbele ya wapima samaki na wapakiaji, kwa sababu mzee Jairo hakusogea pembeni na yeye hakuona haki ya kumwomba asogee. Wapakiaji walisimamisha kazi. Alipomaliza, alisubiri kupigwa. Mzee Jairo aliligusa jeraha lake la kichwani.

"Ningekufa," alisema polepole. "Lakini siyo hilo. Yule mtu nilimtukana hospitali, mbele ya mkewe, amelala na maumivu. Nilimwita muuaji. Akanyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ana hatia." Akamgeuzia Luhende mgongo. "Nenda. Rimu zangu nitatuma mtu azichukue. Wewe usizilete."

Habari ilienea kabla jua halijazama. Ndani ya mwezi mmoja karakana ya Mkolani ilibaki na kazi za kuziba pancha za baiskeli na kunyoosha reki. Mtu mmoja alimletea rimu nne, akabadili mawazo akiwa bado hajazishusha. Luhende hakumlaumu. Jioni aliketi mbele ya karakana akihesabu magari yaliyompita, mpaka Kashindye alipomwambia aache.

Mzee Jairo alikwenda Buswelu kumwomba Revocatus radhi na kumrudisha kazini. Revocatus alikubali radhi. Kazi alisema ataitazama mkono ukipona. Plasta ilipokatwa, kiwiko kilikuwa kimeunga vibaya. Mkono uliweza kushika usukani lakini haukuweza kuuzungusha wote. Daktari alimwambia asubiri, huenda kiwiko kikalegea, huenda kisilegee.

Mvua za Novemba zilipoanza, Luhende alikwenda Buswelu alfajiri na jembe begani. Revocatus alikuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba, bado halijaguswa, na watu wote wa jirani walikuwa wameshapanda. Gladness ndiye aliyemkuta ukingoni mwa shamba.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kulima, shemeji, kama utaniruhusu."

"Ukilima, tutakuwa tumeelewana?"

"Hapana," Luhende alisema. "Nitakuwa nimelima tu."

Gladness alifikiri. Mvua ndogo ilikuwa inaanza tena. Akamwonyesha mpaka unapoanzia, kwenye mkonge, na unapoishia. "Usikanyage viazi," alisema, akarudi ndani.

Alilima siku nne. Siku ya pili Revocatus alitoka akasimama kibarazani, akawa anaminya mpira wa matambara kwa mkono wa kulia kama daktari alivyomwagiza. Siku ya tatu alimwambia tuta moja limekwenda upande, na Luhende akalirudia. Siku ya nne alipomaliza, aliosha jembe kwenye dimbwi, akaaga kwa mbali. Revocatus aliinua mkono ule ule wa kulia, ukafika usawa wa kifua ukasimama hapo. Luhende hakujua kama ndipo alipotaka ufike au ndipo ulipoweza. Alipanda baiskeli akashika njia ya Mkolani, na swali hilo akaenda nalo.