Koti la Taifa

Mvua ilipopata upenyo wake wa kila siku juu ya kitanda, Chiriku aliisogeza ndoo kwa mguu, akavuta shuka hadi kidevuni, akakohoa mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Zamani watu walipigania viti ili wamsikie akiimba. Sasa wanagonga ukuta.

Tangu watu wa makumbusho wapite, hana cha kujifunika zaidi ya shuka hilo. Walikuja na gari, glavu nyeupe, na "mama yetu" nyingi kuliko manyunyu. Walichukua gauni la shanga, viatu vya visigino na mawigi. Kisha mmoja akainamia kitanda, akapiga ukelele kama aliyeokota dhahabu: koti jekundu la mahameli, lile alilolivaa jukwaani enzi zake! Wakalibeba kwa mikono minne kama mgonjwa. Yeye wakamwachia fulana yenye picha yake mwenyewe.

Kulipokucha akalifuata.

"Bibi, vua ndala," mlinzi wa makumbusho alimwambia mlangoni. "Zulia jipya hilo. Waziri anakuja Ijumaa kufungua maonyesho."

Akavua. Moja ilikuwa imeshikwa na waya, nyingine imeshikwa na imani.

Ndani kulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Koti lake lilikuwa limevishwa sanamu la plastiki lisilo na kichwa. Mkurugenzi alisimama kando yake, tumbo mbele; kwa mbali ungedhani ni mtu na ndugu yake.

"Shikamoo, mama yetu! Umekuja kujiona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata koti. Kifua kinanimaliza usiku."

Mkurugenzi akacheka, kisha akaona hacheki na mtu. "Ina maana ulikuwa unalalia koti la taifa?"

"Nilikuwa najifunika nalo. Hilo taifa sijui linalala wapi."

"Mama, haliwezi kutoka. Joto litaliua. Ndiyo maana mashine ya baridi haizimwi, na umeme ukikatika lipo jenereta."

"Kwangu halikuwahi kulalamikia joto."

"Basi Ijumaa utasimama hapa kando yake. Waziri atakushika mkono."

"Nikiwa nimelivaa?"

"Aa, hapana! Njoo hivyo hivyo ulivyo. Na usipake mafuta. Ukija unang'aa, wafadhili watauliza tatizo liko wapi."

Chiriku alinyoosha mkono, akashika ukosi, mahali pale ambapo usiku alizoea kuficha pua. Kengele ikalia jengo zima. Mlinzi akaja mbio, akamtoa vidole kimoja kimoja, kwa heshima zote, huku akisema, "Samahani, bibi, samahani," kama anayetoa mwiba.

"Hana glavu!" Mkurugenzi alifoka. "Mafuta ya vidole hayo!"

"Si umeniambia nisipake?" Chiriku akasema, kikohozi kikamkata.

Wakamsindikiza mlangoni, asije akakohoa kwenye mahameli. Pale alipoacha ndala palikuwa pakavu na pameshapigwa deki.

"Ndala zangu ziko wapi?"

Mlinzi akakuna kisogo. "Bibi, niliambiwa kitu chako chochote kikuukuu nikipeleke kwa wanaopanga maonyesho. Nikazipeleka."

Chiriku akageuka. Kupitia kioo aliziona, zimewekwa juu ya kitambaa cheupe, waya wake umefutwa tope, taa ndogo inazimulika. Kibao kilikuwa tayari: NDALA ZA MSANII. USIGUSE.

"Mwanangu, nirudishie. Nitaendaje nyumbani?"

"Kengele tayari imeshawekwa, bibi. Njoo Ijumaa utaziona. Wazee wanaingia nusu bei."

Nje mvua ilikuwa haijakata. Chiriku alikunja gauni, akaanza kufuata ukingo wa lami, ambako angalau palikuwa pagumu. Hakufika mbali. Mkurugenzi alitoka mbio chini ya mwavuli, simu ameiinua kumpiga picha.

"Mama yetu! Hapo hapo! Usipite kwenye lami, pita kwenye tope kidogo. Polepole... miguu ionekane."