Safari Iliyokuwa ya Kasiani

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Nilikuwa nimevaa shati la Kasiani, nimejifunga kanga ya mama yake kiunoni, nikitembea uani kwa mwendo wake ule wa kuburuta mguu wa kushoto, mguu aliowahi kujikata kwa kisu cha mkonge tulipokuwa vibarua Kimamba. Nilimwigiza akipiga saluti huku akijikuna. Nilimwigiza akila ugali, jicho moja kwenye tonge lake na jingine kwenye matonge ya wenzake. Dada yake, Lea, alilia na kucheka kwa pamoja. Mama yao, Mama Regina, aliyekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Niliifanya vizuri, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyotamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni Msagara wa Kilosa. Kasiani alikuwa Mnyamwezi, ingawa Unyamwezi wenyewe aliusikia kwa baba yake tu, aliyekuja kwa miguu kutoka Tabora kukata mkonge na kufia kambini. Mama yake alihamia Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, akawa analima mahindi na kuwauzia uji madereva wa malori. Baina ya watu wake na watu wangu kuna utani tangu enzi za wapagazi. Mtani anakutukana usinune, anakamata kuku wako bila kuomba, na siku ukifa yeye ndiye anayechimba kaburi na kukulaza ndani yake. Dini haikutuingilia katika jambo hilo. Mimi nilikuwa Mwislamu na yeye Mkristo wa misheni, na tangu tukiwa wavulana tulikuwa tukigombania nani atamzika mwenzake.

Kwa hiyo barua ya bwana shauri ilipofika kwamba Kasiani amefariki kwa homa huko Bama, ng'ambo ya bahari tulikopelekwa vitani, ukoo wake ulilia, ukakaa matanga, lakini haukuyaondoa. Walikuwa wakinisubiri mimi. Walisubiri karibu mwaka mzima, hadi jeshi liliponiachia katikati ya mwaka wa arobaini na sita, nikashuka stesheni ya Kilosa na sanduku la mbao, na siku ya tatu nikapanda lori kwenda Mikumi.

Nilipomaliza kuigiza, Mzee Beda, baba mdogo wa Kasiani, aliinua mkono. Kicheko kikatulia. Aliniuliza swali ambalo ni lazima liulizwe.

"Mtani, mtoto wetu alizikwa na nani?"

Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi melini, siku baada ya siku, na tena kwenye treni.

"Nilimzika mimi."

Uwanja mzima ulishusha pumzi. Mzee Beda akaeleza, kwa faida ya vijana, kwamba kama mtani asingekuwepo huko Bama tungelazimika kuchimba kaburi hapahapa Mikumi na kulaza humo nguo yake, ili naye awe amezikwa na mtu wake. Sasa hakuna haja. Kesho asubuhi watu watanyoa nywele na matanga yataondolewa. Kisha Mama Regina aliinuka, akaja na birika la maji ya uvuguvugu na beseni, akapiga magoti mbele yangu. Nilitaka kumwinua, mama wa umri ule, lakini alikuwa ameshaishika mikono yangu. Aliiosha polepole, kidole kwa kidole, kwa kuwa ndiyo mikono iliyomlaza mwanawe.

Ukweli ni huu. Vita vilikuwa vimekwisha, nasi tulikuwa Bama tukingoja meli ya kuturudisha makwetu. Ili tusikae bure na kuanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, wakubwa waliandaa matembezi ya siku kumi na mbili kwa lori: kuona mahekalu, kuona mashamba, kisha kupumzika kwenye ghuba moja ya bahari. Kila kombania ilipewa nafasi kumi. Majina yalitiwa kwenye kofia, na jina la Kasiani likatoka. Langu halikutoka. Alinikera kwa hilo wiki nzima. Alisema Msagara akipelekwa baharini ataomba chumvi ya kupelekea nyumbani.

Siku mbili kabla ya safari akashikwa na homa, akalazwa kwenye hema la wagonjwa. Sajini akaniambia nichukue nafasi yake, maana sisi ni wa nyumba moja. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka.

"Usiende," akasema. "Safari hii nakufa kweli, Mwinshehe. Kaa nami."

Tulikuwa tumetaniana kifo maisha yetu yote. Yeye akiumwa jino, nilimwambia nimeshaanza kuchimba. Mimi nikitapika, aliuliza mke wangu wa baadaye atarithiwa na nani. Nikajibu kama tulivyozoea.

"Kufa basi, Mnyamwezi. Nikirudi nitachukua blanketi lako."

Hakujibu. Kasiani hakuwahi kukosa jibu. Nilisimama pale nikimsubiri anitukane, hata tusi moja dogo, niondoke na moyo mweupe. Alinitazama tu, kisha akageuzia uso kwenye turubai la hema. Tangu siku ile nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilidhani anatania. Sikudhani. Nilijua anasema kweli, na nilijua pia kwamba utani unaniruhusu kujifanya sijui. Lori lilikuwa limeshawashwa. Nikatoka.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Kibama aliyeitwa U Tin, mwalimu wa shule kabla ya vita, mwembamba, amejifunga saruni kama wazee wetu wa pwani. Alizungumza nasi Kihindi, lugha ambayo sote tulikuwa tumeokota ya kutosha. Siku ya pili alitufikisha kwenye uwanda uliojaa mahekalu ya matofali, mengi kupita kuhesabika, mengine makubwa, mengine si makubwa kuliko banda la mbuzi. Alituambia tuvue buti. Askari walilalamika kwamba sakafu inachoma, naye akasema aliyejenga hakuwa na nia ya kuwapendeza wenye viatu.

Ndani ya hekalu moja palikuwa na sanamu ya mtu amelala kwa ubavu, urefu wake kama behewa la treni, uso umetulia. Nilisema kwa mzaha kwamba huyu bwana analala vizuri kuliko sisi. U Tin alitikisa kichwa.

"Halali," akasema. "Anakufa. Na hawa wadogo waliochorwa ukutani ni wenzake. Walikaa naye mpaka mwisho."

Alilisema kama jambo la kawaida, akaendelea na safari yake ya kutuonyesha dari. Mimi nilibaki. Niliwatazama wale wadogo mmoja mmoja mpaka shingo ikaniuma.

Alasiri ile lori la barua lilikuwa linarudi kambini. Nilimwendea dereva, Mganda mmoja mpole, nikamuuliza kama ana nafasi. Akasema panda. Niliweka mguu kwenye gurudumu. Ningefika usiku uleule. Lakini nikakumbuka kwamba kesho kutwa tungekuwa baharini, na kwamba mtu wa mkonge kama mimi hatapelekwa tena kutembezwa na mtu yeyote maisha yake yote. Nikaushusha mguu. Nilimwambia dereva nilikuwa nauliza tu.

Tukapita mashambani. Watu walikuwa wakipandikiza mpunga, maji yamewafika magotini, na nyati wao wanalima kwa utii kuliko ng'ombe wetu. Bibi mmoja alitupatia ndizi, akakataa kitu chochote kutoka kwetu. Kisha ghuba. Vilima vya kijani vimeshuka hadi majini, mchanga laini, maji ya vuguvugu. Nilikuwa sijawahi kuoga baharini. U Tin alikaa ufukweni akitushikia kofia, akicheka kila wimbi liliponiangusha, nami nilicheka mpaka nikameza chumvi. Tulikaa siku mbili. Katika siku hizo mbili sikumkumbuka Kasiani hata mara moja. Hilo ndilo ninaloona haya kulitamka hata leo.

Niliporudi, kitandani pake palikuwa na mtu mwingine. Kasiani alikuwa amezikwa siku nne zilizopita, na watu wasiomjua, chini ya kibao chenye namba. Dresa aliyemuuguza, kijana wa Nyasa, alinieleza bila kujua ananieleza nini. Alisema mgonjwa hakukubali kwamba nimeondoka. Hadi saa yake ya mwisho aliwaambia kwamba ninamtania, nimejibanza nje ya hema, na kwamba muda si mrefu nitaingia.

Asubuhi iliyofuata watu walikusanyika tena uani kwa Mama Regina. Wembe ulikuwa tayari. Nilikuwa bado nimevaa shati na kanga, maana mtani huvaa hivyo mpaka matanga yaondoke. Lea alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, shingo ameinamisha, anangoja kunyolewa. Niliona kwamba wembe ukigusa kichwa kile, Kasiani atabaki huko alipo, hana mtu aliyemzika na hana kaburi nyumbani, na mama yake hatajua kamwe kwamba bado anadaiwa mazishi na mwanawe.

Nikasimama katikati. "Sikumzika," nikasema.

Wakacheka.

Nilikuwa nimesahau nimevaa nini. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba alinisihi nisiende nami nikaenda, nikapanda lori kuangalia mahekalu wakati yeye anakufa. Kicheko kikaongezeka. Mwanamke mmoja alinitupia majivu kifuani, kama desturi inavyotaka. Mzee Beda alifuta machozi akisema Msagara huyu hana haya hata chembe. Na Mama Regina alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na nusu yangu ilitaka kumwachia kicheko kile, niketi, nile, nirudi Kilosa. Nilijua mlango ule wa utani. Nilikuwa nimeshautumia mara moja.

Nilivua shati. Nikafungua kanga. Nikavikunja vyote viwili, nikaviweka kwenye mkeka mbele yake, nikakaa chini kwenye vumbi na kifua wazi. Bila nguo zile mimi si mtani tena, ni mtu tu anayesema. Nikasema kwa mara ya tatu, taratibu. Nilisema safari ilikuwa ya Kasiani. Nilisema juu ya lori la barua. Nilisema bahari ilikuwa nzuri na kwamba nilifurahi. Nilisema alivyofikiri nimejibanza nje ya hema.

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, wa mwisho kunyamaza akiwa mzee mmoja asiyesikia vizuri. Lea aliinuka kwenye kigoda, akaingia ndani. Mzee Beda alianza kusema neno kuhusu kuniondoa pale, lakini Mama Regina hakumtazama. Aliangalia mikono yangu, ile aliyoiosha jana. Niliificha mapajani.

"Mpeni jembe," akasema.

Walinionyesha mahali nyuma ya nyumba, karibu na mihogo. Nilichimba peke yangu. Hakuna aliyenipokea jembe wala kuniletea maji, na hakuna aliyenitukana, jambo ambalo kwa mtani ni adhabu kubwa kuliko matusi. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, wa chini mwekundu na mzito. Shimo lilipofika kiunoni, Mama Regina alikuja, akaketi ukingoni, lile shati mapajani pake. Nilisema shikamoo. Hakuitika marahaba.



"Ilikuwa safari yake," akasema. "Angerudi angenisimulia. Sasa nisimulie wewe."

Nilisimama, jembe mkononi. Nilimwambia kwamba siku ya kwanza tulipita njia yenye vumbi, na kwamba mzee aliyetuongoza alikuwa mwalimu, na kwamba kwenye mahekalu tuliambiwa tuvue buti.

Akainua mkono, akanikatiza.

"Usinianzie huko," akasema. "Anzia pale ulipofurahi."