Hodi Tundu la Kumi na Saba

Ngazi ni sitini na mbili. Najua kwa sababu dada yangu huzihesabu kwa sauti kila anapopanda, na goti lake la kushoto limezihesabu pia.

Dada ni mpiga picha za eksirei, na chumba chake kiko chini. Daktari wa mifupa yuko ghorofa ya tatu. Picha zilitakiwa kupanda kwa waya, lakini swichi ya kituo cha afya, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ilikuwa imechoka. Picha moja ilichukua dakika ishirini, nyingine haikufika kabisa. Basi dada alizinakili kwenye flashi, akaivaa shingoni, akapanda. Mara kumi na tano kwa siku, miaka miwili sasa.

Mimi ni fundi mitandao, na sikuweza kuvumilia tena kumwona akishuka huku ameshika ukuta. Nikamsumbua mkuu wa kituo, ambaye wote wanamwita Bwana Saa, mpaka akakubali nijaribu swichi mpya ya kuazima dukani.

"Mwisho saa sita kamili," alisema. "Isipofanya kazi unairudisha ya zamani, na sitaki kusikia habari hii tena."

"Haitafika hata saa tano," nikamjibu. Mdomo wangu huu!

Majaribio yenyewe ni mawili. Kwanza napiga hodi: kompyuta yangu inatuma ujumbe mfupi kwa kompyuta ya daktari, nayo inaitikia. Mafundi wenzangu wana jina lao la kitaalamu, mimi naita hodi. Pili napima kasi: nasukuma data nyingi kadiri waya unavyoweza kubeba, kisha nasoma namba. Namba nzuri inakaribia elfu.

Nikachomeka waya tundu la kwanza la swichi mpya. Hodi ikaitikiwa. Kasi: mbili.

Si elfu mbili. Mbili.

Tundu la pili, mbili. La tatu, mbili. Dada akapita na flashi yake shingoni, akachungulia.

"Vipi, mdogo wangu?"

"Inaitika, ila kwa uvivu."

"Kama wewe ulivyokuwa ukitumwa dukani," akasema, akaenda zake kuhesabu ngazi.

Nilibadilisha waya. Nilizima swichi, nikaiwasha. Nilipofika tundu la kumi na mbili damu ilikuwa imenipanda, nikampigia simu muuza swichi. Nikamwambia ameniazima bati tupu, na kwamba hata kibiriti kina akili kuliko bidhaa zake. Akaniuliza kwa upole kama nimekagua upande wangu. Upande wangu! Miaka kumi na tisa ya kazi! Nikamkatia simu.

Saa sita kasoro dakika ishirini Bwana Saa alikuja kusimama mlangoni. Alitazama saa yake ya mkononi. Nyuma yake dada alikuwa akishuka, mguu mmoja mmoja. Nasema ukweli, nilitaka kulia. Si kwa ajili ya swichi. Nilikuwa nimemwahidi dada kwamba hatapanda tena.

Nikachomoa waya tundu la kumi na sita ili niupeleke la kumi na saba. Dada akaja kusimama begani kwangu.

"Waya si umeushika mkononi?"

"Nimeushika."

"Sasa hizo hodi anaitikia nani?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Majibu yalikuwa yanaendelea kushuka, mstari juu ya mstari, bila wasiwasi wowote. Asubuhi nilikuwa nimewasha waifai ya mapokezi ili nisome maelekezo ya swichi, na sikuizima; kumbe hodi zote zilipita huko hadi kwa daktari, polepole. Tena mimi mwenyewe, nyumbani, nilishaiamuru kompyuta hii ipendelee waifai kuliko waya. Asubuhi nzima nilibisha mlango huu, jirani akaniitikia, nami nikamtukana mwenye nyumba.

Nikazima waifai. Hodi zikanyamaza. Nikachomeka tundu la kumi na saba, zikarudi. Nikapima kasi.

Mia tisa arobaini na moja.

Nilipiga ukelele mpaka Bwana Saa akaruka. Nikayarudia matundu yote ishirini na manne mbio mbio, na yote yalinipa zaidi ya mia tisa. Nilikuwa nacheka peke yangu.

"Saa sita kasoro dakika nne," alisema Bwana Saa. "Ibaki." Akaondoka.

Nilimpigia muuza swichi kumwomba radhi. Alicheka mpaka akapaliwa, nami nilistahili.

Mgonjwa wa kwanza baada ya hapo alikuwa mzee aliyeteguka kifundo cha mkono. Dada akampiga picha, akabonyeza kutuma, kisha mikono yake ikafanya ilichozoea: ikanakili kwenye flashi, ikaitundika shingoni. Nilichelewa kumzuia. Alishakanyaga ngazi ya kwanza.

"Moja," akasema.

Kichwa cha daktari kikatokeza juu kabisa, ghorofa ya tatu.

"Wee dada! Unapanda kufanya nini? Picha ninayo hapa, hakuna kilichovunjika!"

Dada alibaki ameshika ukuta, akitazama juu. Kisha akakaa palepale kwenye ngazi, akanyoosha goti lake la kushoto, akavua flashi shingoni na kunikabidhi. Hakusema mbili.