Aliyetia Vema Kwenye Buluu

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana kama wake wenza, wakalishe madaktari watatu wasio na leseni kwenye meza moja, kisha waulize benki ipi ya maswali ni bora. Jumamosi ile, sebuleni kwa Gladness huko Mikocheni, ugomvi ulianza hata chai haijamiminwa. Mtihani wa leseni ulikuwa mlangoni, muda wa kusoma kila kitu haukuwepo tena, na walitakiwa wachague benki moja tu, mkusanyo mmoja wa maswali ya kujipima, ya kumalizia nayo.

Demetria alikuwa na lake moyoni. Mwaka jana alifanya mtihani huohuo akafeli, na hilo kundi zima lilikuwa linalijua. Wasilolijua ni kwamba kaka yake, Revelian, alikuwa amemtafutia kazi Bukoba kwenye ofisi ya bima, na wenye ofisi walitaka jibu jioni ileile. Kazi nzuri tu, ya kukaa kwenye kiti, na hakuna anayekufa mikononi mwako. Demetria alikuwa ameshajiapiza: leo nikijiona bado ni yuleyule wa mwaka jana, naenda Bukoba, na udaktari ubaki kwenye picha ya mahafali ukutani kwa mama.

Sasa ajijue vipi? Hapo ndipo palipomnyima raha. Programu ya simu aliyokuwa akisomea chumbani kwake Kiwalani, ndege zikiunguruma juu ya bati, leo ilimpandisha asilimia na kesho ikamshusha. Ilikuwa ya ng'ambo. Wagonjwa wake waliteleza kwenye theluji wakavunjika nyonga, na homa zao zilipimwa kwa vipimo ambavyo ilibidi kwanza avigeuze kwa kikokotoo. Lakini kila jibu lilikuja na maelezo yake, hata jibu baya lilielezwa ubaya wake, na kwa hilo Demetria aliipenda.

Lusungu hakutaka hata kuisikia. Alikuwa kijana wa Njombe, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wenzake, na mapenzi yake yote yalikuwa kwa Buluu. Buluu lilikuwa rundo la maswali ya miaka iliyopita, lenye jalada la rangi hiyo, lililouzwa steshenari kwa Nassibu pale Buguruni. Uzuri wake ni kwamba majibu yalikuwa yameshatiwa alama ya vema kwa mkono, swali hadi swali, yakatolewa kopi hivyohivyo. Nani aliyezitia, hakuna aliyejua. Watu walisema ni daktari mmoja aliyefaulu kwa kishindo, na watu wakishasema, nani wa kubisha?

"Nyie na theluji yenu," alisema Lusungu. "Sie tunataka kufaulu, hatutaki hadithi. Huyu wa Buluu ni mwenzetu, kapita njia hiihii."

"Haya, tusipigizane kelele," Gladness akaingilia. Yeye hakuwa na upande. "Tuchukue swali moja, tuone kila benki inasemaje."

Lilikuwa swali la mtoto mwenye utapiamlo mkali. Amelegea, mwili wake wa baridi, lakini damu bado inazunguka vizuri. Aanziwe na nini?

"Sukari," Demetria alijibu bila kusita. "Sukari kwanza, na apashwe joto. Ukimkimbizia dripu, moyo wake utazidiwa."

Gladness akagusa simu. Programu ya ng'ambo ikasema sukari na joto.

Lusungu akafunua Buluu. "Dripu ya kasi. Vema hii hapa."

"Basi Buluu imekosea."

"Dada Demi, usinielewe vibaya." Lusungu alikohoa kidogo. "Aliyetia vema hapa alifaulu. Wewe mwaka jana ilikuwaje?"

Kuna maneno ambayo hata yakiwa ya kweli, msemaji wake anastahili kofi. Gladness aliinamia birika. Demetria alihisi uso ukimwaka, na Bukoba ikawa karibu kuliko Kiwalani. Huenda kijana ana haki, alijiambia. Mtu aliyefeli anapata wapi mdomo wa kumbishia aliyefaulu?

Alinyoosha mkono akalichukua rundo, angalau alione hilo jibu kwa macho yake. Hakuwahi kulishika. Tangu afeli alikimbia kila kilichofanana na maswali ya Buguruni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akatazama ile vema. Mkia wake ulivutwa mrefu hadi ukingoni mwa karatasi. Pembeni, kwa maandishi yaliyolala kama yanataka kuanguka, mtu alikuwa ameandika: Muulize Sista Yustina.

Sista Yustina alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kule Demetria alikofanyia mafunzo. Na Demetria hakumuuliza kamwe.

Akakumbuka. Siku yalipotoka matokeo, alikuwa amelibeba rundo lake la maswali, wakati huo halina jalada, akamtupia Nassibu kwenye kaunta na kumwambia afungie hata karanga. Nassibu naye ni mfanyabiashara. Karatasi zenye majibu afungie karanga, ana wazimu?

Demetria alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Gladness akadhani mwenzake ameshachanganyikiwa.

"Lusungu, mdogo wangu," alisema akifuta machozi, "huyo daktari wako aliyefaulu kwa kishindo ni mie."

Hawakuamini. Akachukua kalamu, akaandika palepale chini ya yale maneno: Muulize Sista Yustina. Maandishi yakalala vilevile. Akaweka na vema, ikavuta mkia vilevile.

"Mungu wangu," alisema Lusungu. "Kwa hiyo mie miezi yote hii nimekariri..."

"Umekariri nilivyofeli."

Gladness aliangua kicheko, lakini Demetria hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Hapa alikuwa ametia vema jibu la kwanza. Sasa aliona mara moja kwa nini si lenyewe, akalikata. Mbele kidogo akakata tena. Lingine aliliacha, lilikuwa sawa. Lingine alilikata kwa madaha, programu ikawakataa wote wawili, yeye wa leo na yeye wa mwaka jana, ikabidi akae alisome upya. Lakini kurasa zilienda, na makosa aliyoyajua kwa sababu zake yakawa mengi kuliko yaliyomshinda. Alijisikia furaha, furaha ya waziwazi ambayo hakuwa ameionja tangu matokeo yale. Asilimia za kwenye simu hazikuwahi kumwambia lolote la kueleweka. Huyu mwanamke wa mwaka jana alimweleza kila kitu.

"Samahani, dada," Lusungu alisema, amejikunyata. "Nilikuamini wewe wa zamani nikakukataa wewe uliye mbele yangu."

"Hata mie nilikuwa naelekea hukohuko," alijibu Demetria.

Simu yake ikaita. Alitoka nayo kibarazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Demi, watu wanasubiri. Niwaambie unakuja?"

"Nashukuru sana, kaka, Mungu akubariki. Waambie wamtafute mwingine. Nafanya mtihani."

Revelian alivuta pumzi. "Mdogo wangu, kidonda cha mwaka jana hakijapona. Nani kakuhakikishia safari hii?"

"Hakuna. Ila leo nimesahihisha karatasi za mtu aliyefeli. Nimeona wapi alikosea, na kwa nini."

"Karatasi za nani hizo?"

"Zangu," alisema Demetria.

Revelian akasema atawapigia wenye ofisi yeye mwenyewe. Demetria akarudi ndani, ambako Lusungu alikuwa ameshafunua ukurasa unaofuata na kumsogezea kiti.