Mali ya Mtani

Tangu Batuli, mke wa Mahona, afariki, mtu pekee aliyethubutu kumtukana Mahona alikuwa Shomari. Wengine walimpa pole wakaenda zao. Shomari alikuwa fundi Mzaramo wa kampuni iliyouuzia ushirika wa tumbaku wa Tabora mashine ya hesabu. Siku ya maziko aliingia kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka Mahona, Mnyamwezi, alipe. Mahona akacheka machozi yakimtoka. Ndivyo walivyo Wazaramo na Wanyamwezi, watani tangu enzi za misafara ya biashara.

Mashine ilikuwa ya ushirika, lakini mchoro wa nyaya zake ulibaki wa kampuni. Bei ya tumbaku ikibadilika, Mahona na makarani wenzake walimngoja Shomari ashuke garimoshi, ajifungie chumbani, azipange nyaya upya.

Msimu mmoja serikali iliagiza malipo yafanywe kwa vijiji vya ujamaa, si kwa mkulima mmoja mmoja, hivyo nyaya zikahitaji kupangwa upya. Shomari alipofika, wakulima wa kijiji cha Goweko walikuwa wamesubiri mpaka mvua zikawakuta.

"Niachie mchoro, mtumwa wangu, tusikungoje tena," Mahona akamwambia stesheni, kazi ilipokwisha.

"Nikuachie wewe? Mnyamwezi ataubeba kichwani mpaka Bagamoyo akauuze!"

Mahona akatia mkono mkobani mwa Shomari, akauchomoa. Kwa watani, kinachonyakuliwa mbele ya mwenyewe si wizi. Shomari naye alikwisha kumnyang'anya kofia na jogoo.

"Rudisha, Mahona. Huo si wangu."

"Lia tena, Mzaramo!"

"Nakuomba."

Kadiri Shomari alivyosihi ndivyo Mahona alivyozidi kucheka, maana ni mtani gani asiyejua kujiliza? Garimoshi likapiga honi. Shomari akaondoka mikono mitupu.

Msimu uliofuata Mahona alizipanga nyaya mwenyewe. Goweko wakalipwa mapema, naye akapigiwa makofi mkutanoni. Usiku alikula peke yake. Kisha kampuni ikaleta fundi mgeni.

"Shomari? Alifukuzwa," fundi akasema. "Alipoteza mchoro."

Mahona akapanda garimoshi mpaka Dar es Salaam. Alimkuta Shomari Buguruni, barazani kwake, akitengeneza redio mbovu.

"Mtumwa mkubwa we! Bwana wako amefika, maji yako wapi?" akapaza sauti, akingoja tusi.

Shomari akainuka, akakipangusa kiti.

"Karibu, Ndugu Mahona. Pole na safari."

Mahona akautoa mchoro. Shomari akautazama, hakuugusa. Akaenda ndani, akarudi na maji katika bilauri safi, akampa kwa mikono miwili. Kisha akamuuliza habari za Tabora, za mvua, za kazi, taratibu, kama aulizwavyo mgeni.