Baba Mkwe na Kikosi cha Radi

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, maneno yote niliyozungumza na baba mkwe yangeenea nyuma ya bahasha. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Chai iko tayari baba. Ahsante. Hatukuwa na ugomvi wowote. Mama yangu aliniusia nisimzoee mkwe, na mkwe mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Alistaafu jeshi mume wangu akiwa bado anatambaa, akafanya kazi ya kutengeneza pampu za maji mpaka magoti yakamgomea, na sasa jioni zake alizimaliza kwenye kiti cha karibu na dirisha, gazeti limemfunika uso, utadhani amefichwa humo.

Tuliishi nyumba moja, vyumba vitatu na sebule. Mume wangu ni fundi umeme wa nguzo kubwa, na siku hizo kazi ilimweka mbali. Alirudi mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, zamu ya asubuhi. Mama mkwe alishona sare za shule pale pale sebuleni, cherehani akiwa ameielekeza kwenye televisheni, na mguu wake ulijua kusimama wenyewe mambo yakinoga.

Mambo yalinoga kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, ilipoanza tamthilia ya Kikosi cha Radi. Kama hukubahatika kuitazama, nikueleze kwa kifupi. Kamanda Radi ana askari sita na adui wasiohesabika. Ana koti la ngozi ambalo hulivaa hata jangwani, na nywele zake hazijawahi kutimka. Katika sehemu ya kwanza aliruka kutoka kwenye ndege bila mwavuli, akatua juu ya paa la lori lililokuwa mwendo kasi, akaingia kupitia dirishani, akamtoa dereva na kushika usukani, yote hayo akiongea na mchumba wake kwenye simu.

Mama mkwe alipiga makofi. Jirani yetu kinyozi, ambaye alifunga kibanda chake mapema kila Jumamosi ili asipitwe, alisimama kabisa.

"Huyo ndiye mwanaume," kinyozi akasema.

Kutoka nyuma ya gazeti ikasikika sauti. "Lori hilo gia yake imekwama namba mbili. Halifiki popote."

Tuligeuka wote. Gazeti halikusogea. Mama mkwe alinitazama, nami nikauma mdomo nisicheke, maana kumcheka mkwe sikujua kama inaruhusiwa.

Jumamosi iliyofuata Kamanda alipigwa risasi begani. Akajifunga kitambaa cha shingoni cha mchumba wake, na dakika mbili baadaye mkono ule ule ulikuwa umemning'iniza kwenye mkia wa helikopta. Mimi asubuhi hiyo wodini nilikuwa nimemhudumia kijana aliyevunjika bega kwa kuanguka na baiskeli, mtu mzima analia akiinua kijiko. Nikaguna bila kukusudia.

Gazeti likashuka kidogo. Macho ya baba mkwe yakatokea juu yake.

"Muuguzi," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Hilo linawezekana?"

"Hapana, baba. Mkono huo haushiki hata mswaki kwa wiki sita."

"Nilidhani," akasema, akakunja gazeti na kuliweka chini.

Ndivyo ulivyoanza urafiki wetu. Yeye akawa mkaguzi wa magari, silaha na mwendo wa askari. Mimi nikawa mkaguzi wa vidonda. Bastola ikilia mara arobaini bila kujazwa, alihesabu kwa vidole na kunionyesha. Mtu akizinduka kwa kumwagiwa maji baada ya kupigwa rungu kichwani, nilitikisa kichwa, naye akasema, "Huyo yuko wodini kwenu." Mama mkwe alitukemea. "Mnaniharibia utamu. Kama hamtaki, nendeni mkamenye vitunguu." Lakini ikipita dakika tano tumenyamaza, mwenyewe aliuliza, "Haya, na hilo je?"

Kinyozi ndiye aliyemtetea Kamanda kama ndugu wa tumbo moja. "Mzee, hii ni burudani, si somo la darasani. Mtu akitaka ukweli, atoke nje ausubiri pale barabarani, utampitia tu."

Siku moja, kwa nia njema kabisa, kinyozi akamgeukia baba mkwe. "Lakini wewe ndiye mwanajeshi halisi humu ndani. Hebu tuambie, mzee, wewe vitani uliwaangusha wangapi?"

Mguu wa mama mkwe ukasimama kwenye cherehani.

"Nilikuwa dereva," baba mkwe akasema. "Dereva tu." Akaokota gazeti lake.

Nilimwona kinyozi akikata tamaa waziwazi, kama mtoto aliyefungua zawadi akakuta soksi. Nadhani baba mkwe naye alimwona.

Kisha ikaja sehemu ya jangwa. Kikosi cha Radi kimepotea mchangani, siku ya tatu bila tone la maji. Askari wamelala chini, midomo imepakwa unga mweupe ionekane imekauka. Kamanda akapanda juu ya jiwe, akatoa hotuba kuhusu bendera na mama zetu waliotuzaa. Muziki ukapanda. Askari wakainuka mmoja mmoja, wakapangusa macho, wakaanza kukimbia kuelekea ngome ya adui huku wakiimba. Na walipofika, Kamanda akafyatua risasi kwenye mwamba, maji yakaruka kama bomba limepasuka.

Hata mama mkwe alicheka hiyo ya mwamba. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikageuka nimwone mwenzangu. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka nje bila gazeti na bila kofia.

Wiki nzima hakusema zaidi ya marahaba na ahsante. Nikarudi kwenye maneno yangu ya nyuma ya bahasha, na moyo wangu ukanisuta kwamba nimemzoea mkwe kupita kiasi. Mama mkwe naye alijilaumu. "Nimekaa na huyu bwana miaka thelathini na minne," aliniambia tukikunja sare. "Nimemfulia, nimemuuguza, nimemzalia. Ukiniuliza jeshini alifanya nini, nitakwambia aliendesha gari. Gari gani, kwenda wapi, sijui. Niliuliza nikiwa bibi harusi, akasema hakuna cha maana. Nikaacha."

Jumamosi ilipofika, tamthilia ikaanza bila yeye. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ameipa nyumba mgongo. Nilimwandalia chai, nikampelekea. Nilikusudia kuiweka na kurudi, lakini akasogea kidogo kwenye ngazi, nafasi ya mtu mmoja. Nikakaa.

Alinywa nusu kikombe ndipo akauliza, "Mwanangu, huko wodini, mtu mwenye kiu kweli kweli husema nini?"

Nikafikiri. "Hasemi kitu, baba. Huangalia mkono wako, kama umeshika kikombe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ndivyo. Waliniangalia mikono."

Kisha akanisimulia, akiutazama ukuta wa jirani.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, dereva wa lori la maji. Kulikuwa na kituo cha askari arobaini huko mpakani, mahali pakavu pasipo kisima, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea tangi la lita elfu moja kila baada ya siku mbili. Safari ya asubuhi moja. Siku moja, njiani, jiwe lilitoboa rejeta. Injini ikachemka, mvuke ukapanda. Alikuwa peke yake, redio ya lori haikukamata mtu, na kurudi kulikuwa mbali kuliko kufika. Kule mbele, askari walikuwa wamebakiza maji ya siku hiyo tu.

"Nilikuwa na sabuni ya kufulia," akasema. "Nikaikanda kama unga wa chapati, nikachanganya na uzi wa soksi yangu, nikaziba. Ikapunguza, haikukomesha. Sasa fikiria, mwanangu. Nyuma nina maji ya watu. Mbele nina injini inayotaka maji. Nisipoinywesha, hayafiki hata tone. Nikiinywesha sana, nitafika na tangi tupu."

Alikwenda kilomita tano, akasimama, akasubiri injini ipoe, akaipimia maji kwa kopo, akaenda tena. Jua lilipokuwa kali alizima kabisa akasubiri. Alipima tangi kwa fimbo kila aliposimama na kuchora alama kwenye mlango kwa msumari. Mgao wake mwenyewe wa maji aliutia kwenye rejeta wa kwanza, kabla hajagusa ya wenzake. Safari ya asubuhi moja ikachukua siku moja na nusu.

"Nilipofika hawakushangilia. Hawakuimba. Walikuwa wamekaa kivulini chini ya turubai, na walipoona nashuka, wote arobaini waliangalia mikono yangu. Tukagawa. Kila mtu akapata, hata mmoja hakufa. Afisa akapima tangi, akaona robo haipo. Akaniuliza maji mengine yako wapi. Nikamwambia, injini imekunywa, afande. Akaona namfanyia mzaha. Nikanyang'anywa usukani wiki mbili, nikapelekwa jikoni kumenya viazi."

"Hakuna aliyekushukuru, baba?"

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. "Alikuwepo mmoja. Alipomaliza kunywa alilisogelea lori, akalipapasa kwenye bamba la mbele, kama mtu anavyompapasa ng'ombe. Akaenda zake. Kwa hiyo lori lilishukuriwa."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ndani hakusikiki kitu. Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, na nyuma yake kinyozi. Sijui walikuwa pale tangu lini, lakini mama mkwe alikuwa na macho mekundu.

"Kumbe ndiyo sababu," akasema. "Miaka yote hii unaamka usiku kufunga bomba lisivuje. Mimi nikadhani ni ubahili."

"Ubahili pia upo," baba mkwe akasema.

Mama mkwe akacheka na kulia kwa pamoja, akajipangusa kwa mkono wa sare ya mtoto wa watu. "Kwa nini hukuniambia, bwana wee?"

"Ningekwambia nini? Watu wakiuliza habari za vita wanataka kusikia bunduki. Mimi ya kwangu sikuifyatua hata siku moja. Nilimwagilia injini maji nikaadhibiwa. Hiyo ni hadithi ya kumsimulia nani?"

Kinyozi alikohoa. Ni mtu mrefu, na sikuwahi kumwona akitafuta pa kuweka mikono.

"Mzee, unisamehe. Nilikuuliza umeangusha wangapi. Kumbe ningeuliza umenyanyua wangapi. Watu arobaini."

"Niliwapelekea maji," baba mkwe akasema. "Usinifanye Kamanda Radi."

"Wewe nywele zako zimetimka," kinyozi akajibu. "Huwezi kuwa Kamanda. Njoo Jumatatu nikuweke sawa."

Tukacheka wote wanne pale mlangoni. Tuliporudi ndani sehemu ilikuwa imekwisha, majina yanapanda kwenye kioo, na hakuna aliyejali kujua nani alikuwa ameokolewa.

Jumatatu alikwenda kunyolewa, na kinyozi akamwomba awasimulie wateja. Alikataa. Jumatano akapita tena, eti kusalimia, akasimulia nusu. Wiki ya tatu walikuwa wanamwekea kiti. Aligundua kwamba watu walipenda hasa ile ya sabuni. Dereva mmoja wa teksi alimfanya aieleze mara mbili, akaenda kuijaribu kwenye gari lake, akarudi kutoa taarifa kwamba imemfikisha gereji. Baba mkwe alitembea siku hiyo kama magoti yalikuwa ya kukodi, mapya.

Kikosi cha Radi hatukukiacha. Mama mkwe anasema mwenye kumpenda Kamanda ni yeye, na hatoi talaka. Lakini siku hizi baba mkwe akikuta kosa anasimulia na jinsi ilivyokuwa kwa kweli: jinsi ya kuvusha lori mtoni, mpishi wao aliyekuwa akilia akikatakata nyama, rafiki yake aliyewaandikia barua wachumba wawili, zikabadilishana bahasha. Mama mkwe hupunguza sauti ya televisheni bila kuombwa. Mguu wake husimama kwenye cherehani muda mrefu zaidi kuliko ulivyowahi kusimama kwa Kamanda.

Mwisho wa mwezi mume wangu alirudi Jumamosi jioni na mkoba begani. Alitukuta mimi na baba yake tumekaa sakafuni, karatasi katikati yetu, tunabishana: mimi nasema mtu aliyevunjika mbavu tatu hawezi kubeba mwenzake ngazi tano, yeye anasema nne anaweza, amewahi kumwona, na anachora ngazi zenyewe. Mume wangu alisimama mlangoni muda, akimtazama baba yake anavyoongea.

"Kuna nini humu?" akauliza.

"Vua viatu ukae," baba yake akamwambia bila kuinua macho. "Na usipite mbele ya televisheni. Mama yako anatazama."